Inspekta wa Mabadiliko Madogo

Baba yangu alikuwa na mizinga ya nyuki kule Kivaa, ile ya magogo, na hakuwa anafungua mzinga kabla hajaugonga. Alipanda mti, akakaa kwenye tawi kama mtu aliyekaa kitini, akagonga gogo kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Bado," anasema, kisha anashuka. Siku nyingine anagonga mara moja tu na kuitisha moshi. Nilimwuliza anasikia nini humo ndani. Akasema, "Mzinga mtupu unakujibu haraka. Uliojaa unafikiri kwanza."

Sikuelewa, na kwa sababu sikuelewa nilipanda siku moja peke yangu nikagonge na mimi. Nyuki walinifunga macho yote mawili. Nilikosa shule kwa muda, na niliporudi mwalimu alikuwa amefika mbali na hesabu za kugawanya. Sikuwahi kumfikia. Darasa la nne ndipo nilipoishia, na wanaouliza kwa nini masomo yangu ni mafupi nawaambia waulize nyuki.

Nikapelekwa Katangi kwa mjomba, fundi wa mawe. Mjomba naye alikuwa na vituko vyake, alikuwa hawezi kujenga ukuta wowote bila kuutukana kwanza, lakini hayo tuyaache. Kwake nilijifunza mwiko na timazi, halafu nikaja Machakos mjini nikawa fundi wa nyumba za zamani, zile za mawe walizojenga Wahindi wa maduka, zenye veranda mbele na nguzo za mbao. Siku moja, miaka ya tisini imefika kati, niko juu ya ngazi napiga plasta, nikasikia mtu chini anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Anagonga, ananyamaza, anatega sikio. Nilicheka mpaka mwiko ukaanguka.

"Unacheka nini, Fundi?"

"Mzee, unatafuta asali?"

Hakucheka. Akagonga tena. "Juu imeshika. Hapa katikati haijashika. Bomoa hii plasta, upige upya."

Nikabishana naye, nikashuka, nikagonga mwenyewe. Ilikuwa kweli. Nikabomoa. Hivyo ndivyo nilivyojuana na Inspekta, na tukajuana karibu miaka kumi.

Jina lake nalijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mkaguzi wa majengo katika ofisi ya mji. Nyumba mpya zilikuwa na wakaguzi wengine, vijana wenye pikipiki. Yeye alipewa za kale. Kuna watu waliwahi kutoka Nairobi wakazunguka mjini na daftari, wakaandika nyumba zile za mawe kwenye orodha, wakapigilia kila moja kibati kidogo chenye namba. Nyumba yenye kibati huwezi kuitoa hata dirisha bila ruhusa. Inspekta alikuwa na kazi moja tu duniani, kuona kwamba nyumba za vibati haziondoki. Nami nataka kusema habari ya nyumba moja iliyoondoka, mikononi mwake, na mikono iliyoshika nyundo ilikuwa yangu. Ukipita pale leo utaona ghorofa nne na vioo vya buluu. Hakuna kibati. Kibati kiko kwangu kwenye mkebe wa misumari, na mke wangu haniruhusu kukitupa wala kukiweka wazi.

Lakini wacha kwanza nimweleze mtu mwenyewe, maana ukimsikia kwa nyumba ile peke yake utamwona vibaya.

Alikuwa mwembamba, koti moja la kaki kwa mwaka mzima, jua na baridi ya Julai. Alitembea mbio. Ukitaka kuongea naye njiani ulilazimika kukimbia kando yake kama ndama. Lakini akifika kwenye nyumba anakaa. Hiyo ilikuwa desturi yake, na hakuna mkaguzi mwingine niliyemwona akiifanya: hakuweka sahihi ofisini hata siku moja. Ukipeleka fomu, anakuja kesho yake asubuhi wakati duka linafunguliwa, anatafuta kreti ya soda, anaigeuza, anaikalia mpaka saa sita. Haongei. Anaangalia watu wanaingia wapi, jua linafika wapi, wapi watu wanaegemea. Mchana anakula isyo yake kwenye mkebe, mahindi na maharagwe, hakubali hata chai ya mwenye nyumba. Kisha anasimama, anachora kwa chaki nyekundu mahali penyewe pa kukata, anaweka sahihi juu ya goti. "Usipite chaki," ananiambia. Na mimi sikuipita hata kwa upana wa kidole. Hilo nalisema kwa kiburi, na baadaye utaona kiburi chenyewe kina faida gani.

Rushwa? Najua unauliza. Hakula. Mwenye duka moja la vyombo aliwahi kumwekea kuku mzima chini ya ile kreti, amefungwa miguu. Inspekta alikaa juu ya kuku mpaka saa sita, kuku analia kila akisogea, watu wanakufa kwa kicheko, na alipomaliza akaandika kwenye fomu kwamba ndani ya duka mna mfugo, kinyume cha kanuni za mji. Mwenye duka akatozwa faini kwa kuku wake mwenyewe.

Alikuwa na maneno yake. Mtu akianza kumweleza jinsi duka litakavyopendeza, anamkatiza: "Usiniambie unachoweka. Niambie unachotoa." Mtu akianza kumletea historia, babu yake na benki na mashemeji, anasema: "Mimi naulizwa kimoja, najibu kimoja." Hilo la pili tulilipenda sana. Tulilisema hata sisi mafundi kwenye kazi, mtu akiulizwa kama saruji imeisha anajibu imeisha, ya mchanga hasemi.

Na msidhani alikuwa malaika wa mawe. Nilimtembelea nyumbani kwake mara moja, juu huko njia ya milimani, kumpelekea salamu za rambirambi mama yake alipofariki. Marehemu alikuwa na nyumba ya jiko ya zamani, ya udongo na nyasi, kuta zimekuwa nyeusi na moshi mpaka zinang'aa. Niliporudi baada ya mwezi haikuwako. Mkewe alitaka mahali pa kuanika nguo. "Inspekta," nikamwambia, "hiyo nyumba ya mama uliipa kibali?" Akaangalia kamba ya nguo. "Haikuwa na kibati," akasema. Nikadhani ni mzaha. Siku hizi nadhani hakuwa anafanya mzaha.

Sasa, miaka ya kwanza sahihi yake haikutosha. Yeye alikagua na kuandika maoni, lakini wa kukubali walikuwa madiwani, kamati yao ya majengo. Kamati ilikuwa sarakasi. Wanakuja wote kwa gari moja, wanashuka wakipanga tai, wanasimama mbele ya nyumba wakigombana kuhusu mambo ya uchaguzi uliopita. Diwani mmoja mzee, mwenye hoteli ya nyama, hakujua tofauti ya boriti na ngazi. Lakini alikumbuka kila kitu. Anamnyoshea mwenye nyumba kidole: "Huyu tulimpa dirisha. Dirisha likaota miguu likawa mlango. Leo anataka nini? Shimo la kupitisha lori?" Wenzake wanacheka, ombi linarudi nyumbani.

Kila ombi lilichukua miezi. Hapo ndipo namleta Mama Cherehani, maana yeye ndiye aliyeumia na mwendo huo, na baadaye akaumia na mwendo ule mwingine.

Mama Cherehani alishona kwenye veranda ya nyumba ninayoisema, pale barabara ya soko. Alikuwa mjane, na ile nafasi chini ya veranda, upana wa meza na mashine, ndiyo iliyomlisha na kusomesha. Hakuwa na duka. Mwenye nyumba mzee alimruhusu akae pale, na yule mzee alipofariki mwanawe alirithi nyumba na kumkuta mama pale kama nguzo mojawapo. Wanawake wa siku ya soko walimjia na magunia yao, wanavua leso mbovu, wanapumzika nyuma ya nguzo na kungoja. Bati la juu yake likatoboka. Ombi la kubadilisha bati moja likangoja kamati misimu miwili ya mvua. Mama anashona na beseni kando ya mguu, anakanyaga pedali huku anamwaga maji.

"Mwaitu," nilimwambia, yaani mama yangu, ndivyo tunavyoita kwa heshima, "si uhamie ndani?"

"Ndani ni kwa mwenye kulipa. Waambie hao waheshimiwa waje wakojoe hapa, tofauti sitaiona."

Watu wengi walilia hivyo. Basi mwaka mmoja madiwani wakapitisha azimio: mabadiliko madogo kwenye nyumba za kale yasije tena kwao. Ofisa ayamalize mwenyewe. Makubwa tu, kama kubomoa nyumba, yaendelee kwa kamati. Na ofisa ni nani? Ni Inspekta.

Tulifurahi, nisidanganye. Mimi nilifurahi kuliko wote, kazi ilikuwa nyingi. Bati la Mama Cherehani lilipata sahihi siku ya pili. Nilipolipigilia, mama alinyosha kiganja nje ya meza kuhakikisha halidondoki tone, akamwambia Inspekta, "Mungu akuweke hapo hapo uzeeke."

Inspekta hakufurahi. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa veranda, mimi nakula yeye anakula. Akasema, "Fundi, wale watu walikuwa wajinga."

"Sana."

"Lakini walikuwa wengi. Mmoja akisahau, mwingine anakumbuka. Hata kwa chuki, mtu anakumbuka." Akafunga mkebe wake. "Sasa niko mimi na fomu."

Na fomu, ngoja nikueleze, ilikuwa na mstari mmoja: *mabadiliko yanayoombwa*. Kila ombi na faili lake jipya, kwa tarehe. Faili la nyumba nzima halikuwako. Nyumba nzima ilikuwa mali ya kamati, kwenye kichwa cha yule diwani wa nyama.

Ombi lililofuata la yule mwana wa marehemu lilikuwa gata, ule mfereji wa bati unaobeba maji ya paa. Ilikuwa imeliwa na kutu kweli. Fomu ikasema: kuondoa gata iliyoharibika. Inspekta akaja, akakaa mpaka saa sita, akapanda ngazi yangu mwenyewe, akasukuma kidole kikapenya bati. Akachora chaki, akasaini. Nikaitoa. Nikamwuliza mwenye nyumba gata mpya iko wapi nipandishe.

"Itakuja," akasema. Alikuwa kijana mpole, mwenye shati safi, hakupandisha sauti hata siku moja. "Hiyo ni fomu nyingine."

Nikashuka na ngazi yangu nikaenda kazi nyingine.

Mvua za Novemba zikaja. Nilipita pale nikaona maji ya paa lote yanashuka kwenye ncha za nguzo za mbao, yanaingia pale chini zilipokaa kwenye mawe. Nilisimama nikatazama. Nilijua. Fundi wa darasa la nne anajua maji yanaenda wapi. Nikasema, mtu mwenye nyumba yuko, mtu wa serikali yuko, mimi ni nani? Nikaenda zangu, nikanunua nyama, nakumbuka hata nilinunua nyama gani.

Mwaka uliofuata fomu ilikuja: nguzo moja imeoza, iondolewe. Inspekta akakaa. Akagonga nguzo ile na hata mimi nilisikia jibu lake, lilikuja haraka. Mama Cherehani akasimamisha mashine.

"Inspekta, ukitoa hii, bati litashikwa na nini?"

"Zinabaki nguzo tano, mama."

"Na hizo tano?"

"Hizo sijaulizwa." Akasema kwa upole, lakini hakumtazama.

Kisha ya pili, imeoza kweli. Kisha dirisha lipanuliwe, dogo. Kisha plasta ya chini imefura kwa unyevu, itolewe. Kisha nguzo mbili kwa pamoja, na veranda yenyewe ikaanza kuinama kama mtu mwenye kiuno kibovu, na hapo fomu ikasema iondolewe kwa usalama wa umma. Nani angekataa? Ilikuwa hatari kweli. Kila mara ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo, kwamba katika fomu zile zote sikumbuki uongo hata mmoja.

Nilivunja veranda siku ya soko. Mama Cherehani alihamisha mashine yake upande wa pili wa barabara, akasimika mwavuli uliochanika. Wateja wakapungua kwanza kidogo kidogo, kisha wakaisha. Nilipopita aliniita, "Fundi! Njoo nikupime suti ya kuzikia nyumba." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Paa likafuata, kwa sababu bila veranda lilikosa mahali pa kuegemea, likaingiza maji, boriti zikalegea. Kuta za nyuma zikafuata paa, kipande kwa kipande, kila kipande na fomu yake ndogo. Ikabaki mbele peke yake, ukuta wenye matao mawili na kile kibati, umesimama barabarani na anga nyuma ya madirisha. Kuna watu waliupiga picha.

Ukuta huo nao niliuangusha mimi, miezi baadaye, kwa sahihi ya ofisa mwingine ambaye hakutoka mezani. Hilo nalisema sasa ili niliondoe njiani.

Maana siku ninayoitaka ni ile fomu ya ukuta ilipoletwa mara ya kwanza, kwake. Alikuja asubuhi kama kawaida. Lakini hakukimbia. Alikuja akitembea kama mtu anayefuata jeneza, na chini ya kwapa alikuwa amebeba mafaili, yote. Alikuwa ameyatafuta mwenyewe kwenye makabati, tarehe kwa tarehe. Akakaa kwenye rundo la mawe, akayapanga mapajani, akayasoma moja baada ya jingine kuanzia bati la Mama Cherehani. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni na shati lake safi.

"Ni kaukuta tu, Inspekta," akasema. "Kadogo."

"Hii si ndogo. Hii ni kubomoa. Hii ni ya madiwani."

"Sawa. Wapelekee." Akatabasamu, si kwa ubaya. "Watakuja, watauliza nyumba iko wapi."

Ilikuwa kweli tena. Kijana akatazama saa, akasema atarudi mchana, akaenda. Tukabaki wawili. Mama Cherehani alikuwa ng'ambo ya barabara, hashoni kitu, mikono juu ya mashine, anatutazama.

"Hizi zote niliangalia," Inspekta akasema. "Nilikaa. Kila moja nilikaa. Kila moja nilijibu vizuri. Iko wapi niliyokosea, Fundi? Nionyeshe fomu."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vizuri mpaka hapo. Sijui ni nini kilinifungua mdomo, labda ni kule kumwona anaiuliza karatasi.

"Ni gata," nikasema.

Akafungua faili la gata. "Ilikuwa imeoza. Niliweka kidole."

"Ilikuwa imeoza. Lakini haikuwekwa nyingine. Maji yakashuka kwenye nguzo. Nguzo zilioza kwa maji ya gata, na bati likalala kwa sababu ya nguzo, na ukuta..." Nikanyosha mkono, nikaonyesha anga nyuma ya madirisha.

Akafunga faili la gata.

"Ulijua lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Ya mwaka ule?"

"Ya mwaka ule."

"Na ukaendelea kunikatia kwenye chaki."

"Hukuniuliza, Inspekta."

Niliyasema bila kufikiri, Mungu ni shahidi. Nilipoyasikia yakitoka nilitaka kuyarudisha kwa mkono. Uso wake haukubadilika. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa risiti sahihi. Kisha akakusanya mafaili, akayaweka juu ya mawe pale alipokuwa amekaa, akayasawazisha kingo ili yalingane, fomu mpya juu yao, haina sahihi.

Akavuka barabara. Nikadhani anaenda kwa Mama Cherehani, naye mama alidhani hivyo hivyo, maana alisimama. Inspekta alifika mbele ya mwavuli, akavua kofia. Nilisikia mama akisema, "Kaa, Inspekta. Kaa kidogo."

"Hapana, mama," akasema. "Mimi nimekaa ya kutosha."

Akapita. Hakugeuka upande wa ofisi ya mji, aligeuka upande wa juu, njia inayopanda kwenda milimani, kofia bado iko mkononi. Nilimwita mara moja, kwa jina lake la kweli, na watu wa dukani waligeuka kuona ninamwita nani. Yeye hakugeuka. Alitembea polepole, koti lake la kaki likionekana kati ya watu wa soko, kisha kati ya watu wachache, kisha peke yake pale barabara inapokata kona. Nilikaa kando ya mafaili yale nikiyashikilia yasipeperuke, nikasema atarudi kuyachukua, ni ya serikali. Mwenye nyumba alirudi mchana akanikuta bado nimeyashika. Inspekta hakurudi, siku ile wala siku nyingine.